Kivuli cha Herufi Kilivyohama Upande

Nilianza kukitazama kivuli cha herufi nikiwa nimesimama chini ya ngazi ya mchoraji mabango. Alikuwa anaandika ukutani jina la duka la vipuri vya baiskeli, herufi nyekundu zenye urefu wa mkono mzima. Alipokwisha kuzijaza rangi nilidhani kazi imekwisha. Akashuka, akaosha brashi kwa mafuta ya taa, akachanganya rangi nyeusi na tone la bluu, akapanda tena. Akaanza kupaka ukanda mwembamba upande wa kushoto wa kila herufi, na mwingine chini yake. Alipoimaliza E ya kwanza ukuta ulibadilika machoni pangu. Ile herufi ilikuwa imetoka nje, kama ubao uliopigiliwa misumari.

Nilimuuliza kwa nini kivuli kiko kushoto. Akanionyesha kwa mpini wa brashi. Mgongo wa E uko kushoto, umenyooka, unaupaka kwa mvuto mmoja kutoka juu hadi chini. Kulia kuna vidole vitatu. Ukitaka kivuli upande huo itakubidi uzunguke ncha ya kila kidole, uingie kwenye mapengo, utoke, uanze tena. Hali ni hiyohiyo kwa B, F, K, P na R. Alikuwa analipwa kwa bango, na jua lilikuwa kali.

Baadaye niligundua kwamba hesabu ile haikuwa yake peke yake. Wachoraji mabango wa Uingereza na Marekani nao wamekuwa wakikipeleka kivuli kushoto na chini kwa sababu ileile ya kupunguza mivuto ya brashi. Ila kwenye kompyuta mambo ni kinyume. Kwa miaka mingi mtu aliyeandika neno katika Photoshop na kuliwekea shedo, kama wasemavyo vijana wa steshenari, alikiona kivuli kikiangukia kulia na chini. Kati ya ngazi ile na kitufe hiki kivuli kimehama upande, na historia ya herufi zinazotokeza ni historia ya kuhama huko.

Herufi za kwanza kuwa na kina zilikuwa na kina kweli. Kusini mwa Unguja, katika msikiti wa Kizimkazi, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Matumbawe yakitolewa baharini yangali hai huwa laini kiasi cha kukatika kwa tindo bila shida, kisha yakikaa hewani hukauka na kuwa magumu. Mafundi wa pwani waliujua wakati huo mfupi wa ulaini na wakautumia vizuri kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Milango mikubwa ya Mji Mkongwe ilitumia ujuzi wa jamaa hiyo kwenye mbao. Fundi anachimba pembezoni mwa herufi, anaondoa kila kisicho herufi, na aya ya Kurani inabaki imetokeza juu ya kizingiti.

Roma walifanya kinyume, wakachimba herufi ndani ya jiwe. Chini ya nguzo ya mfalme Trajan, iliyozinduliwa mwaka 113, kila mstari wa herufi ni mfereji wenye umbo la V. Mteremko mmoja unapokea mwanga, wa pili unabaki gizani, na jicho linasoma kwa tofauti ya hiyo miwili. Mchongaji, awe wa Roma au wa Unguja, hachagui kivuli kiangukie wapi. Anaacha jua lifanye kazi hiyo, na asubuhi kivuli kiko upande huu, jioni kiko ule. Mchoraji hana nafasi hiyo. Inambidi alisimamishe jua mahali pamoja, saa moja, milele.

Wapiga chapa walilisimamisha jua kwa chuma. Mwaka 1815 Vincent Figgins, mtengenezaji wa herufi za chapa wa London, alionyesha katika katalogi yake herufi nene zenye kivuli kilichochongwa pamoja nazo, zikionekana kama matofali yaliyosimama. Hakuna haja ya kutafuta mbali sababu ya kuzitengeneza. Kuta za London zilikuwa vita. Matangazo ya bahati nasibu ya serikali, ya michezo ya kuigiza na ya dawa za kila namna yalibandikwa moja juu ya jingine, na herufi za vitabu zilizotengenezwa kusomwa karibu na mshumaa hazikuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Herufi ilipaswa kupiga kelele, na kivuli kikawa koo lake.

Herufi za risasi zenye ukubwa huo zilikuwa nzito na zikivunjika kirahisi. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alipata njia ya kuzitengeneza kwa mashine kutoka kwenye mbao, na mwaka uliofuata akatoa katalogi yake ya kwanza. Hapo ndipo kivuli kikawa bidhaa ya kuuzwa kwa seti. Mwaka 1874 William Page wa Connecticut alichapa katalogi ya herufi za mbao za rangi nyingi, na mimi naihesabu kati ya vitabu vizuri kabisa vilivyowahi kutoka kwenye mashine ya chapa. Kila herufi ilikuwa na vipande viwili au zaidi, kimoja cha uso na kingine cha kivuli au ukingo. Mpiga chapa alitandaza wino wa njano kwenye kipande cha kwanza, akachapa, akasubiri, akaweka cha pili chenye wino mwekundu, akairudisha karatasi ileile mahali palepale. Ikiteleza unywele mmoja, mstari mweupe hujitokeza kati ya herufi na kivuli chake na neno zima linalegea. Pale vipande vilipokutana, rangi mbili zilizaa ya tatu. Anayefanya kazi leo na leya, zile tabaka za picha ndani ya kompyuta, anafanya jambo hilohilo, isipokuwa leya haitelezi.

Sinema ilipokuja iliichukua herufi ya bango na kuipa ukubwa wa jengo. Mwaka 1933 msanii Emil Kosa Mdogo alichora nembo ya kampuni ya Twentieth Century Pictures, maneno yaliyopangwa juu ya jukwaa kama mnara, taa za kumulika zikipita nyuma yake. Kampuni hiyo ilipoungana na Fox mwaka 1935 nembo ikabaki, neno la chini tu ndilo lililobadilishwa. Vizazi vya watazamaji wa Afrika Mashariki walioketi mbele ya pazia la sinema waliiona kabla ya kila filamu ya kampuni hiyo na kuamini ni jengo lililopo mahali fulani Marekani. Ilikuwa rangi, mkono na vioo. Mwaka 1994 ndipo nembo hiyo ilipotengenezwa upya kwa kompyuta.

Kompyuta ilihitaji mtu wa kuifundisha mwanga ni nini. Sehemu ya kwanza ya somo hilo ilikuwa imeandikwa zamani. Mwaka 1760 Johann Heinrich Lambert alieleza kwamba mng'ao wa uso usiong'arishwa unategemea pembe ambayo mwanga unaupiga. Ukiupiga moja kwa moja unang'aa, ukiupiga kwa mshazari unafifia. Sehemu ya pili ilitoka Chuo Kikuu cha Utah. Huko Bui Tuong Phong, kijana aliyezaliwa Hanoi, alikamilisha mwaka 1973 tasnifu iliyoonyesha namna ya kukokotoa kile kidoa cheupe cha mwanga kinachokaa juu ya kitu kinachong'aa, kama kwenye shavu la tufaha au kiti cha plastiki. Makala yake ilichapishwa 1975, na mwaka huohuo akafariki, akiwa na umri wa miaka 30 na kidogo. Kila neno la dhahabu unaloliona kwenye kadi ya harusi, lenye mng'ao uliokaa kwenye bega la herufi, lina deni kwake, na kwa kweli inanisikitisha kwamba wengi wanaoitumia kazi yake kila siku hawajawahi kusikia jina lake.

Mwaka 1978 James Blinn aliongeza ujanja ambao ndio moyo wa herufi zinazotokeza katika programu za picha. Alionyesha kwamba uso hauhitaji kubinuka kweli ili uonekane umebinuka. Chukua picha ya kijivu, uchukulie kila sehemu nyeupe kuwa kilima na kila nyeusi kuwa bonde, halafu uiambie kompyuta ihesabu mwanga kana kwamba vilima hivyo vipo. Uso unabaki bapa kama meza, lakini jicho linaapa kwamba kuna matuta.

Thomas Knoll alianza kuandika programu ya kuonyesha picha za kijivu mwaka 1987, alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan. Ndugu yake John, aliyekuwa akifanya kazi Industrial Light & Magic, kampuni ya ufundi wa picha za filamu, aliona ilichoweza kufanya na akamsukuma waikuze. Photoshop ya kwanza ilitoka tarehe 19 Februari 1990, kwa kompyuta za Macintosh pekee. Haikuwa na leya wala kitufe cha kivuli. Neno ukishaliandika na kulibandika kwenye picha liligeuka kuwa madoa ya rangi. Kama ulikosea herufi moja katika jina la bibi harusi, ulianza upya.

Nataka msomaji aone kivuli kilivyotengenezwa enzi hizo, maana hapo ndipo ujuzi wa mikono ulipohamia kwenye kipanya. Sema unataka neno KARIBU lionekane linaelea juu ya karatasi. Unafungua chaneli mpya, yaani karatasi ya kijivu iliyofichwa nyuma ya picha, unaandika neno hilo kwa nyeupe juu ya nyeusi. Unatoa nakala ya chaneli hiyo. Nakala unaitia ukungu ili kingo zake zilainike, kisha unaisogeza pikseli chache chini na kulia. Unarudi kwenye picha, unaiita ile nakala kama kiolezo, unamwaga nyeusi kupitia kwake. Kivuli kinatokea peke yake, kivuli cha kitu ambacho bado hakipo. Ndipo unaiita chaneli ya kwanza na kumwaga nyekundu, na neno linakaa juu ya kivuli chake. Ukikosea mpangilio, kivuli kinalifunika neno.

Kutokeza kulikuwa kugumu zaidi. Ulihitaji nakala mbili zilizotiwa ukungu, moja umeisogeza juu kushoto, ya pili chini kulia, kisha unatoa moja kutoka kwa nyingine kama hesabu ya darasa la tatu, pikseli kwa pikseli. Mahali ambapo zote zinafanana unabaki na kijivu. Mahali zinapopishana, yaani kwenye kingo, upande mmoja unabaki mweupe na wa pili mweusi. Huo mweupe na mweusi ndio mteremko wa V wa mchongaji wa Roma.

Mapishi hayo yalipita kutoka mkono hadi mkono. Mjerumani Kai Krause aliandika masomo ya hesabu za chaneli na kuyasambaza kupitia mtandao wa America Online, kabla intaneti haijaenea, na wabunifu wakayachapa na kuyabandika ukutani mwa ofisi. Kisha zikaja programu ndogo za kuunganishwa na Photoshop zilizoyageuza mapishi kuwa vitufe. Leya ziliingia mwaka 1994 na toleo la 3.0, na hatimaye kivuli kikaweza kukaa chini ya neno bila kugandana nalo.

Wakati huo wengi wetu tulikuwa tumekwisha kukutana na herufi zenye unene mahali pengine, ndani ya programu ya kuandikia barua. WordArt iliandikwa mwaka 1991 na vijana wawili wa Microsoft, Scott Forstall na Nat Brown. Office 97 ilipotoka ilikuja na dirisha lenye mitindo 30: neno la upinde wa mvua, neno la chuma, neno linalokimbilia mbali huku likitupa kivuli kirefu sakafuni. Wabunifu waliosomea wanaicheka mpaka leo. Mimi siwezi kuicheka. Katibu muhtasi ambaye hakuwahi kufundishwa kuchora aliweza kuandika HONGERA juu ya cheti cha shule, herufi zimesimama kwa heshima, na mtoto akakipeleka nyumbani kikatiwa fremu. Kuta za sebule nyingi kuanzia Mombasa hadi Mbeya zimebeba kazi hiyo. Zaidi ya hapo, Kiswahili cha maofisini kilikwisha kulipa neno kivuli kazi ya pili. Tangazo la ajira linapotaka vivuli vya vyeti linataka nakala, kwa hiyo kwenye steshenari hiyohiyo mtu angeweza kutengeneza cheti chenye kivuli na kutoa kivuli cha cheti.

Mwaka 1998 Photoshop 5.0 iliyafunga mapishi yote ndani ya kisanduku kimoja. Maandishi yakawa yanaweza kurekebishwa baada ya kuandikwa, na leya yoyote ikapokea kivuli cha nje, kivuli cha ndani, mng'ao na kutokeza, vyote vikifuata herufi hata ukibadilisha neno. Ndani ya menyu ya kutokeza, pamoja na matoleo yaliyofuata, kuna majina yanayonigusa kila ninapoyasoma. Njia za kukata ukingo zinaitwa tindo kali na tindo laini. Aliyezipa majina alijua anachokiiga.

Kisanduku hicho pia kinauliza swali ambalo mchoraji wangu wa ngazini alilijibu kwa brashi: mwanga unatoka wapi? Photoshop ilijaza jibu kabla hujajibu, nyuzi 120, yaani juu kushoto. Mashine haikujali vidole vya E, kwa hiyo kivuli kilikuwa huru kwenda kulia. Lakini kushoto kwa mwanga hakukubuniwa na Adobe, kampuni inayotengeneza Photoshop. Vitufe vya Windows 3.0, mwaka 1990, tayari vilikuwa vinamulikwa kutoka juu kushoto. Wachora ramani za milima Ulaya walikuwa wakiweka mwanga kaskazini magharibi muda mrefu kabla, ingawa huko kwao jua la adhuhuri huwa upande wa kusini. Mtu anayechora kwa mkono wa kulia huweka taa kushoto ili kiganja kisimtie giza karatasi, na mwanga wa mezani ukaingia kwenye mchoro. Mwaka 1998 huohuo watafiti Jennifer Sun na Pietro Perona walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu wanaoulizwa kutambua kilichobinuka na kilichobonyea hufanya haraka zaidi mwanga ukiwa juu na kuelekea kushoto kidogo. Geuza picha ya herufi iliyochongwa juu chini na utaliona jambo hilo mwenyewe: kilichokuwa shimo kinakuwa kilima.

Mwaka 2010 Adobe ilikwenda mbali zaidi. Toleo kubwa la Photoshop CS5 lilikuja na zana iliyolivuta neno na kulipa unene wa kweli, kitu ambacho unaweza kukizungusha na kukitazama mgongoni. Waliiita Repoussé, neno la Kifaransa la ufundi wa kugonga bamba la madini kutoka nyuma mpaka nakshi itokeze mbele. Sonara yeyote wa Lamu angeielewa zana hiyo kwa jina tu. Wabunifu hawakulielewa, na mwaka 2012 likaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na jina la kawaida.

Kisha fasheni ikageuka. Scott Forstall yuleyule wa WordArt alikuwa ndiye msimamizi wa programu za iPhone, zilizojaa ngozi iliyoshonwa, mbao na vitufe vilivyotuna. Oktoba 2012 Apple ilitangaza kwamba anaondoka, na Septemba 2013 iOS 7, programu mpya ya kuendeshea iPhone, ikatoka bapa, kivuli kimefutwa karibu kila mahali. Nembo za benki na za kampuni za simu zikafuata. Kwa maoni yangu lilipotea jambo hapo. Kitufe kilichotuna kilimwambia mzee asiyezoea simu kwamba hapa panabonyezwa, na neno bapa la bluu halimwambii kitu.

Agosti 2021 Adobe ilianza kuziondoa kabisa kwenye Photoshop zana za pande tatu, ikawashauri wanaozihitaji wabaki na toleo la 22.2. Miezi miwili baadaye zana mpya za kutokeza zikaonekana katika Illustrator, programu nyingine ya kampuni hiyo, lakini mafaili ya zamani hayakuhama nazo.

Ndiyo maana rafiki yangu mwenye steshenari Kariakoo ana kompyuta mbili, mpya kwa kazi za kila siku, na kuukuu iliyokatwa intaneti ili isijisasishe. Humo amehifadhi majina ya maharusi wa miaka kumi, yamevutwa, yamepakwa dhahabu, yanazungushika. Wiki iliyopita nilimkuta kwenye ile mpya. Mteja wake anafungua mgahawa na anataka bango la fleksi linalofanana na yale ya zamani ya kuchora kwa mkono. Rafiki yangu alikuwa amechagua herufi nene nyekundu, akaweka ukuta mchafu kidogo nyuma yake, akaongeza mivuto ya brashi, na bado alikuwa anatikisa kichwa. Kuna kitu hakikukaa sawa, akasema, na hakijui.

Nikamwambia afungue kisanduku cha pembe. Akafuta 120, akaandika 60, na kivuli cha E kikavuka kwenda kushoto, kikakaa nyuma ya mgongo wake.